Paa la Gari Likikwama: Tengeneza kwa Utaratibu, Linda Vidole



Wengi wetu hushika spana uani baada ya saa za kazi, ili kujipatia senti za sabuni au kumsaidia jirani. Mara nyingine huletwa gari la paa la kukunja, yaani lile ambalo paa lote hujikunja lenyewe na kulala nyuma. Likikwama, mwenye gari huambiwa upesi kwamba pampu imekufa, anunue mpya. Mara nyingi si kweli.

Kwanza tuelewe mtambo. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1939 Plymouth ya Marekani ilitoa paa la turubai lililoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini. Magari mengi ya baadaye, kama Peugeot 206 CC, hutumia umeme na mafuta. Mota huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta katika mipira hadi kwenye silinda. Silinda husukuma mikono ya chuma inayobeba paa. Swichi ndogondogo huarifu kwamba kila hatua imekamilika. Swichi moja isipojibu, mtambo wote husimama ingawa pampu ni nzima.

Kwa hiyo anza na vidogo:

1. Betri. Mota hii hula umeme mwingi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza.

2. Fyuzi na rilei. Zikague kabla ya kufungua kitu chochote.

3. Pazia la buti. Katika 206 CC, pazia linalotenga mizigo lisipofungwa mahali pake, paa halisogei. Huo si ubovu, ni kinga. Usiidanganye swichi yake kwa kuunganisha waya.

4. Waya penye bawaba za buti. Hukunjwa kila buti inapofunguliwa, hata zikakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Zipime kwa testa.

5. Mafuta. Pampu ikinguruma na paa lisiinuke, tazama kiasi cha mafuta, paa likiwa katika hali inayotajwa na kitabu cha gari. Ongeza aina iliyoandikwa humo tu, kwa maana mafuta yasiyofaa huharibu sili. Yakiwa yamepungua, tafuta panapovuja. Silinda inayovuja mara nyingi hufaa tena ikibadilishwa sili.

Sasa tuje kwenye hatari. Paa lililosimama nusu njia huenda limeshikwa na mafuta peke yake. Ukilegeza mpira au skrubu ya kuachia mafuta, laweza kushuka ghafla juu ya mikono au kichwa. Kabla ya kuingiza mkono, likingie nguzo imara za mbao pande zote mbili, ondoa waya hasi wa betri, na uwe na mwenzako karibu. Asiwepo mtu wa kugusa swichi.

Usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi, nawe uvae miwani ya kazi. Mafuta yakimwingia mtu, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano. Akingoja hadi kesho yake, aweza kukatwa mkono.

Ndugu, kiwandani tunadai mashine ziwe na kinga, na mtu akiumia tunadai fidia. Uani kwako huna msimamizi, na ajali ya huko kwa kawaida haihesabiwi kuwa ajali ya kazini. Ukipoteza vidole Jumapili, Jumatatu kazi itakushinda, na watoto ndio watakaolipa. Mwenye gari akikuharakisha, mwambie angoje ukate nguzo kwanza. Asipotaka kungoja, mrudishie ufunguo wake.