Nta ya gari: Kinga ya rangi kabla ya mvua ya masika

BAADHI ya mikebe ya nta ya gari inayouzwa katika maduka ya vipuri ina maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Mnunuzi huahidiwa kwamba gari lake litastahimili theluji, barafu na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu hiyo. Mwalimu wa Rongo au mfanyabiashara wa samaki wa Mbita, aliyechukua mkopo wa Sacco ili anunue gari lililotumika kutoka Japani, hana haja na ahadi hiyo. Haja na nta, hata hivyo, anayo, na pengine kuliko huyo mwenye theluji, kwa kuwa gari lake halipati msimu wa kupumzika.

Kaunti za Migori na Homa Bay ziko karibu kabisa na ikweta, na uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayochakaza rangi na plastiki, huyapiga magari mwaka mzima. Mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, kisha mvua ya vuli hurejea mwishoni mwa mwaka. Katikati ya misimu hiyo huwa ni vumbi. Anayetoka kwenye lami ya barabara kuu ya Kisumu hadi Isebania na kuingia njia za changarawe za Nyatike, au anayevuka udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, anajua kwamba vumbi la Februari ndilo hilo hilo tope la Aprili.

Yapo pia madhara madogo madogo ambayo wenyeji huyaona ya kawaida. Usubi wa ziwani, unaopaa kama moshi juu ya maji, hufuata taa za magari usiku na kugandamana kwenye boneti. Korongo na yangeyange hudondosha kinyesi chenye asidi juu ya magari yaliyoegeshwa chini ya miti. Huko Awendo, kilipo kiwanda cha sukari cha Sony, na vilevile Ndhiwa, mashamba ya miwa yanapochomwa, iwe kwa makusudi au kwa ajali, majivu meusi husafiri na upepo na kutua juu ya kila kitu. Mvua ndogo ikiyaloanisha, mwenye gari huamka na kukuta michirizi isiyotoka kwa kitambaa kikavu.

Ili kuelewa nta inafanya kazi gani, yafaa kujua rangi ya gari imepangwaje. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la msingi juu ya bati, kisha tabaka la rangi yenyewe, na juu kabisa utando mwangavu usio na rangi. Utando huo ndio unaong'aa na ndio unaozuia jua lisifikie rangi. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani sehemu 40 hadi 50 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Ukishaisha, haurudi ila kwa kupakwa rangi upya. Magari ambayo paa na boneti vimegeuka vyeupe na kuanza kubambuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua ni magari yaliyokwisha kupoteza utando huo, na hakuna nta duniani itakayoyaponya.

Kazi ya nta ni kuumia badala ya utando. Kinyesi cha ndege kikitua, asidi yake hukutana na nta kwanza. Vumbi likisuguliwa, hukwaruza nta kwanza. Maji ya mvua nayo hujikunja kuwa matone na kuteleza pamoja na uchafu. Tabaka la nta linalobaki baada ya kufutwa halifiki hata mikroni moja. Kwa hiyo wale wanaorundika nta nene wakidhani gari litakingwa zaidi wanapoteza pesa zao tu, maana kinachozidi huishia kwenye kitambaa.

Aina zinazopatikana ni tatu kwa jumla. Ya kwanza ni nta ya asili, na inayosifika zaidi ni ile ya mnazi mwitu wa Brazili uitwao karnauba, ambayo huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 62 hadi 64. Tofauti hiyo si ya maabara peke yake. Boneti jeusi lililoachwa kwenye jua la saa saba mchana linaweza kupata joto linalopita nyuzi 60, na nta ya nyuki iliyopakwa hapo hulainika na kunasa vumbi kama ulimbo. Karnauba hustahimili zaidi, na mng'ao wake ni wa kupendeza kweli, lakini haikai. Katika mazingira ya kawaida hudumu wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Anayetaka gari la kwenda harusini Jumamosi atairidhia. Anayetaka kinga ya masika nzima hatafika nayo Mei.

Ya pili ni nta ya viwandani iliyotengenezwa kwa polima, ambayo wengine hawaiiti nta bali kizibo cha rangi. Hii hushikamana na utando kwa nguvu zaidi, haiogopi joto, na watengenezaji huitaja kuwa ya kudumu miezi minne hadi sita. Kwa jua na vumbi la kwetu ni busara kuipunguzia theluthi moja ya muda huo. Hata hivyo, ikipakwa mwishoni mwa Februari na tena Septemba, inavusha misimu yote miwili ya mvua. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo inayomfaa mwenye gari wa kawaida wa Migori au Homa Bay.

Ya tatu ni dawa ya seramiki, majimaji yenye silika ambayo hukauka na kuwa ngumu juu ya rangi, na hudumu mwaka au zaidi. Ubaya wake ni kwamba haisamehe. Rangi ni lazima iwe imesafishwa na kusawazishwa kwanza, mahali pawe hapana vumbi, na gari likae bila kuguswa na maji kwa saa nyingi baadaye. Ikikauka vibaya haifutiki. Ni lazima iparuzwe kwa mashine. Kuipaka katika ua ulio kando ya njia ya changarawe, boda boda zikipita kila dakika, ni kufungia vumbi ndani ya kioo.

Kabla ya kulipia mkebe, muulize muuzaji kama nta hiyo ina chembe za kukwangulia. Nyingi zinazoahidi kurudisha rangi ya zamani zinazo, nazo hung'arisha kwa kupunguza utando. Ukiijaribu kwenye pembe iliyofichika na kitambaa cheupe kikachukua rangi ya gari, basi ama gari halina utando mwangavu, ama umekwisha, na unachofuta ni rangi yenyewe. Aidha, mafuta ya kunyunyizia dashibodi hayafai kwenye bodi hata kama yanang'aa, na gari lililotoka kupakwa rangi upya kwa fundi lisitiwe nta kabla ya mwezi mmoja angalau, ili vimiminika vilivyomo kwenye rangi vipate kutoka.

Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na hapa ndipo haraka inapowaponza wengi. Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi bila kugusa, ili mchanga uanguke wenyewe. Kisha zitumike ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sifongo kila baada ya kuosha sehemu moja. Ndoo moja inayozungushwa kwenye magari matano ni ndoo ya msasa, na mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani kwenye magari meusi hutokana nayo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno. Ile ya maji ya kuoshea vyombo inaweza kutumiwa mara moja tu, siku ya kutia nta, kwa sababu huondoa nta kuukuu. Ukiendelea nayo kila wiki itaiondoa na hii mpya pia.

Gari likikauka, vaa mkononi karatasi laini ya nailoni iliyofungia mkate (mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini ya mkate ipo) na upapase boneti. Ukihisi vichembe kama chumvi, rangi ingali na uchafu uliong'ang'ania: lami, masizi, utomvu. Upo udongo maalumu wa kusafishia rangi ambao huteleza juu ya maji ya sabuni na kung'oa vichembe hivyo. Ukianguka chini, utupe, kwa kuwa umekwisha kubeba changarawe.

Nta yenyewe hupakwa kivulini, bati likiwa baridi. Katika ukanda wa ziwa ngurumo na mvua huja mara nyingi alasiri, na nta nyingi za polima huhitaji nusu siku au zaidi kabla ya kulowa, hivyo saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi ndio wakati mwafaka, na bora zaidi kama gari litalala chini ya paa. Chukua kiasi kidogo kwenye sifongo, paka sehemu moja baada ya nyingine, kwa tabaka jembamba linaloonekana kwa shida. Iache ikauke mpaka igeuke ukungu. Pitisha kidole: kikiacha njia safi, imekuwa tayari. Ifute kwa kitambaa cha maikrofaiba na ukigeuze mara kwa mara. Tabaka la pili siku inayofuata halikusudiwi kuongeza unene bali kuziba palipokosewa. Usisahau kingo za milango na sehemu ya chini nyuma ya magurudumu, ambako mawe hugonga; na usiguse diski za breki wala tairi. Mwenye boda boda naye anaweza kupaka tangi na madigadi, lakini si kiti, la sivyo abiria wake atateleza kwenye mteremko wa kwanza.

Nta haiondoi haja ya kuosha, na suala la wapi pa kuoshea si dogo. Kwenye fuo za Ziwa Viktoria imezoeleka gari kuingizwa majini mpaka kwenye ekseli, na vijana kuliosha wakiwa wamesimama humo. Maji ya ukingoni yamejaa mchanga na matope, kwa hiyo rangi huparuzwa. Mafuta na sabuni huishia ziwani, jambo ambalo sheria ya mazingira ya 1999 inalikataza. Lakini hasara kubwa humwangukia kijana mwenyewe. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, pamoja na wenzao wa kituo cha CDC cha Marekani, walifuatilia kwa miaka waosha magari wa Kisumu, na utafiti mmojawapo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Somo lao lilikuwa kichocho: vijana hao walikuwa wakitibiwa na kuambukizwa tena, kwa sababu kazi yao iliwarudisha kila siku kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea. Mwenye gari anayeokoa shilingi chache kwa kuoshewa ziwani anazitoza afya ya mtu mwingine. Kwenye kituo chenye tangi la maji safi atalipa zaidi kidogo, na nta yake itaishi zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo muuzaji wa nta hatalitaja. Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, na mengi hutoka Japani, ambako mikoa ya kaskazini kama Hokkaido hupata theluji nyingi na barabara kumwagiwa chumvi. Gari linaweza kufika Mombasa likiwa na rangi safi kama yai, huku uvungu wake ukiwa umeanza kuliwa na kutu. Nta ya bodi haifiki huko. Kabla ya kununua, gari linyanyuliwe na fundi aangalie chesisi, viungo vilivyochomelewa, bomba la moshi na mabomba ya breki.

Kutu ndogo ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuizuia, kisha nta nzito ya uvunguni inayopulizwa mpaka ndani ya matundu ya chesisi. Kupaka lami nyeusi juu ya kutu hufungia unyevu ndani na kuificha isionekane. Nako kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari, kama wafanyavyo baadhi ya waoshaji, hudumu mpaka dimbwi la kwanza tu, hulainisha mipira ya springi na kuacha mafuta yakidondoka kwenye udongo.

Kuhusu juu, kipimo ni rahisi. Baada ya kila mvua, tazama boneti. Matone yakiwa ya mviringo na yaliyoinuka, nta ingalipo. Yakianza kulala na kusambaa kama maji juu ya meza ya mbao, muda wake umekwisha, hata kama mkebe unasema ibaki miezi mingine miwili. Paa na boneti ndivyo vitakavyotangulia, milango ikafuata nyuma sana, kwa hiyo mara nyingi si lazima kurudia gari zima.