Fungate iliyochelewa miaka 10: kutoka Eringeti hadi ziwa la mlima Ruwenzori

Usiku wa kwanza mlimani, mke wangu alilala na viatu miguuni. Tulikuwa ndani ya kibanda cha mbao, katikati ya msitu, upande wa Uganda wa mlima Ruwenzori. Kiongozi wetu alikuwa amekwisha kutuambia kwamba hapa hakuna anayekuja usiku. Mke wangu aliitika kwa heshima, akafunga kamba za viatu vyake, akajifunika blanketi.

Sikumuuliza sababu. Mtu wa Eringeti haulizwi jambo hilo. Kwetu watu wengi wamezoea kulala wakiwa wamevaa, na mfuko wa vitambulisho karibu na kichwa, ili risasi ikisikika wasipoteze hata dakika moja. Na sisi tulikuwa tumekuja kulala msituni kwa hiari yetu, tena kwa pesa yetu.

Safari hiyo ilikuwa fungate yetu. Tulioana Agosti 2014. Hatukuwa na pesa ya kusafiri wakati ule, kwa hiyo tulipatana kungoja mavuno makubwa ya kakao, ambayo kwetu huanza mwezi wa kumi. Mpango ulikuwa kwenda Mutwanga mwezi wa kumi na mbili, kupanda kwa njia ya mbuga ya Virunga, na kuona Ziwa la Kijani kwa macho yetu. Mwezi wa kumi ulipofika, mauaji ya raia yakaanza katika eneo la Beni. Novemba 29, 2015, waasi wa ADF wakashambulia Eringeti penyewe, hata hospitali. Tukawa wakimbizi Oicha, kisha mjini Beni, tukarudi, tukakimbia tena. Agosti 2018 ikaja Ebola, iliyotangazwa kwanza Mangina. Watoto wakazaliwa katikati ya hayo yote, na fungate ikawa jambo la kutaniana tu jikoni.

Maziwa yetu tusiyoyafikia

Msomaji wa Beni anaujua Ruwenzori kwa mbali. Asubuhi mvua ikiwa imesafisha anga, mlima unaonekana upande wa mashariki, na juu kabisa kuna weupe. Kilele cha Marguerite kina mita 5,109, nacho ni cha tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Mpaka wa Congo na Uganda unapita juu yake. Watu wa kwanza kufika kileleni kwa habari zilizoandikwa ni msafara wa Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, mwezi Juni 1906, waliopandia upande wa Uganda. Upande wetu ulichunguzwa zaidi na msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1932, ulioongozwa na Xavier de Grunne.

Wengi hawajui kwamba chini ya theluji hiyo kuna maziwa. Upande wa Congo, njia inaanzia Mutwanga na kupita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Kalonge ni kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Mahangu kama 3,300, na Kiondo zaidi ya 4,000. Huko juu mtu anakutana na Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu. Maji ya upande huu yanateremka kwa mto Butahu hadi Semliki. Hata umeme wa Mutwanga, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2013, unatokana na maji ya mlima huo.

Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka 1925, nayo ni ya kwanza Afrika. Kwa miongo mingi wageni walifika Mutwanga kupanda, na vijana wa huko walipata kazi ya kubeba mizigo na kuongoza njia. Leo hali ni nyingine. Mei 2018 mlinzi mmoja wa kike wa mbuga aliuawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa nyara karibu na Goma, na mbuga ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya korona. Tangu mwishoni mwa 2020, vijiji vya sekta ya Ruwenzori, pamoja na Mutwanga, Bulongo na Lume, vimeonja mashambulizi kama tuliyoyaonja sisi Eringeti.

Kwa hiyo bei ya kakao ilipopanda sana duniani mwaka 2024, na shamba dogo la mke wangu lilipotuletea pesa ambayo hatukuitegemea, yeye ndiye aliyesema. Kama ziwa la kwetu limefungwa, alisema, basi tulizungukie mlima, tuone lililo upande wa pili.

Kuzunguka mlima

Tulitoka Eringeti mwezi wa saba, msimu wa kiangazi, kwani nyakati nyingine njia za Ruwenzori huwa ni matope matupu. Watoto tuliwaacha kwa nyanya yao mjini Beni. Kutoka Eringeti hadi Beni ni karibu kilomita 60, na hizo ndizo zilizotupa hofu kuliko mlima wenyewe. Kipande cha Mayi-Moya kila abiria alikipita kimya. Kutoka Beni tulishika barabara ya Kasindi, tukavuka Semliki, tukaona njia inayoingia Mutwanga ikipita upande wetu wa kushoto. Mke wangu aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

Tulivuka mpaka Kasindi, tukafika Mpondwe, na kutoka hapo tukaenda Kasese. Mpondwe nako kuna kaburi la vita hivi hivi: Juni 2023 ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi. Asije mtu kudhani kwamba ng'ambo hakuna msiba.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa Nyakalengija, lango la Hifadhi ya Milima ya Ruwenzori, mita karibu 1,650 juu ya bahari. Hapo mgeni anajiandikisha, analipa, na kupewa kiongozi na wabebaji. Tulichagua njia ya Mahoma, ya siku tatu na kilomita 28, ambayo inazunguka na kurudi pale pale. Watu wenye wiki nzima na mwili wa kupanda huendelea hadi maziwa ya Bujuku na Kitandara. Sisi tulijua kipimo chetu.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kikonjo. Alipotusikia tukisemezana, alisimama na kutusalimu: "Wabukire." Mke wangu aliitika kabla sijafungua kinywa. Lugha yao na Kinande chetu ni lugha moja, na koo ni zile zile. Mpaka huu ulipatanwa na wakoloni mwaka 1910, na ukapita katikati ya jamaa. Tangu hapo mzee hakutuita tena wageni. Alimwita mke wangu "binti yangu", nami akaniita "mkwe", na kila nilipochoka alinicheka kama wakwe wanavyochekwa.

Siku tatu

Siku ya kwanza ni kupanda tu. Tulianza kando ya mashamba ya kahawa na migomba, tukaingia msitu mkubwa, kisha mianzi. Mbega waliruka juu ya vichwa vyetu. Mzee alituonyesha kinyonga wa pembe tatu, na ndege mwenye mabawa mekundu anayepatikana katika milima ya huku tu. Jioni tulikuwa karibu mita 3,000. Magoti yangu yalitetemeka, na baridi ilikuwa ya kuuma meno.

Ndipo ukaja usiku ule wa viatu. Kama saa nne, sauti ikapasua msitu, mlio mkali unaopanda na kupanda kama mtu anayekabwa koo. Mke wangu alikuwa mlangoni kabla sijaamka vizuri. Nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi kama jiwe. Mzee alikuja na tochi, akaeleza kwamba ni perere, mnyama mdogo kama sungura anayekaa mitini na kulia hivyo usiku. Hata kwetu msituni wapo, ila siku hizi hakuna anayekaa nje kuwasikiliza. Alibaki ameketi nasi kando ya moto mpaka mlio ukawa wa kawaida masikioni. Saa nane hivi, mke wangu akavua kiatu kimoja. Baadaye akavua na cha pili.

Asubuhi ya siku ya pili tulifika ziwani.

Mahoma si ziwa kubwa. Hakuna mtumbwi, hakuna nyumba, hakuna sauti ya pikipiki. Limezungukwa na miti yenye majani membamba kama sindano, iliyofunikwa na kuvumwani inayoning'inia kama ndevu za mzee. Mawingu yalikuwa yameshuka na kufunika vilele vyote, kwa hiyo theluji hatukuiona. Tulikaa kwenye gogo, tukala mkate na mayai ya kuchemsha, na kwa muda mrefu hatukusema neno.

Ziwa hilo lina historia yake. Maelfu ya miaka iliyopita barafu ya Ruwenzori ilishuka hadi hapo, ikisukuma mawe na udongo mbele yake. Iliporudi nyuma, lundo lile lilibaki kama ukuta, na maji yakakusanyika nyuma yake. Mwaka 1967 mwanasayansi Mmarekani Daniel Livingstone alichapisha utafiti uliotumia matope ya chini ya ziwa hili, kwa kusoma chavua za mimea zilizozama humo tangu zamani, ili kujua mlima ulivaa misitu gani tangu barafu iliporudi nyuma.

Barafu hiyo inaendelea kurudi nyuma, ila sasa kwa haraka. Mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 7, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja. Wazee wa Kikonjo wanasema theluji, nzururu, ni makao ya Kitasamba, roho mkuu wa mlima. Mzee wetu alisema kwamba alipokuwa kijana aliiona kutoka mlangoni kwao karibu kila asubuhi ya anga safi, na leo anaitafuta kwa macho. Mambo hayo yanatuhusu pia sisi wa upande wa Congo. Watoto wetu wasipoufikia mlima katika miaka michache ijayo, weupe tunaouona kutoka Beni wataukuta umebaki hadithi.

Siku ya tatu tuliteremka na kufuata mto Mubuku. Mke wangu alitembea mbele, peke yake, mita 50 au zaidi, akiimba polepole. Sijawahi kumwona akitembea hivyo msituni tangu tuoane. Kwetu Eringeti mwanamke haendi shambani peke yake, na wengine shamba wameliacha kabisa.

Kwa wanaotaka kufuata

Wenzi wanaofikiria safari kama hii wachukue mabuti ya mpira, koti la mvua, nguo nzito za usiku na soksi zaidi ya wanazodhani zinatosha. Waende Julai na Agosti, au Januari na Februari. Wapande polepole, na mmoja akiumwa kichwa sana au kutapika, wateremke bila kubishana. Habari za vibali vya kuvuka Kasindi waulize DGM mapema, maana karatasi ya kuingia sokoni Mpondwe haitoshi kwa safari ya hadi Kasese na mlimani. Na kabla ya yote waulize hali ya barabara siku ile ile, kwa wenyeji na kwa madereva.

Tulirudi Eringeti siku ya Alhamisi. Watoto walituomba tuwahadithie perere, na mama yao akawaigizia mlio wake mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Usiku huo alilala na viatu miguuni, kama zamani, nami vyangu sikuvivua.

Pesa iliyobaki ameiweka katika kopo la maziwa, chini ya nguo. Anasema ni ya Kiondo. Siku njia ya Mutwanga ikifunguliwa na kuwa salama, tutapandia kwetu, na wabebaji watakuwa vijana wa kwetu.