Robo Kilo ya Vitunguu ni Vikombe Vingapi?

Bila shaka umewahi kukata maelezo ya mapishi gazetini, ukayabandika jikoni, halafu ukakwama kwenye mstari wa kwanza kabisa: "Vitunguu gramu 250." Mizani huna. Mama mboga naye huuza kwa fungu, na fungu la asubuhi si sawa na la jioni. Utafanyaje?

Wengi hukisia, na mchuzi wa kila siku husamehe. Keki ya karoti haisamehi. Wala mfuko wako hausamehi siku unapowapikia wageni ishirini.

Kwanza kijue kikombe chako, kwa maana vikombe vya chai vya nyumbani havilingani. Chukua pakiti ya maziwa ya nusu lita uimimine. Ikijaza vikombe viwili sawasawa, kila kimoja ni cha mililita 250 na kinafaa. Maziwa yakibaki, kikombe hicho ni kidogo; tafuta kingine. (Maziwa yenyewe yapikie chai, hayajapotea.)

Sasa usije ukadhani kwamba kikombe hicho kitabeba gramu 250 za mboga. Hilo ni la maji. Vipande vya mboga huacha mianya katikati, na mianya haina uzito. Kitunguu kilichokatwakatwa ni kama gramu 160 kwa kikombe, kwa hivyo robo kilo yako ni kikombe kimoja na nusu hivi. Nyanya zilizokatwa ni gramu 180, basi nusu kilo haifiki vikombe vitatu. Viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vidogo ni gramu 150.

Karoti ina hila zake. Ikikatwa vipande, kikombe huwa na gramu 130 hivi, ikikunwa, 110. Na ukiishindilia kwa kijiko utaingiza nyingi zaidi, kisha ushangae kwa nini keki imetoka mbichi katikati. Jaza bila kukandamiza. Kabeji nayo ikikatwa nyembamba kabisa ni gramu 70 tu kwa kikombe, lakini ikiwa vipande vikubwa kidogo hufika 90. Ni kabeji ile ile, kisu ndicho kilichobadilika.

Lakini mboga za majani ndizo huwaumbua watu. Kikombe cha spinachi mbichi ni gramu 30 peke yake, ilhali kikombe cha spinachi iliyopikwa ni karibu gramu 180, yaani mara sita! Mapishi yakikwambia "vikombe viwili vya spinachi," jiulize kwanza: mbichi au iliyopikwa? Ukikosea, ugali utakuwa mezani umefuka mvuke, wageni wamenawa mikono, na mboga ni kijiko kimoja kwa kila mtu. Sukuma wiki pia hunywea, ingawa si kwa kiasi hicho.

Usisahau maganda. Gramu za mapishi mara nyingi ni za mboga iliyokwisha kumenywa, kwa hivyo nunua zaidi kidogo, hasa viazi.

Na wewe mwanafunzi wa chumba cha kukodi, usiseme huna vifaa. Tafuta fimbo iliyonyooka, uifunge kamba katikati na kuining'iniza, kisha tundika vikapu viwili vinavyofanana, kimoja kila ncha. Hakikisha inasimama sawa vikiwa vitupu. Weka pakiti ya chumvi ya nusu kilo upande mmoja, na karoti zilizomenywa upande wa pili mpaka fimbo isimame sawa tena. Hiyo ni nusu kilo. Zikate unavyozoea kukata, uhesabu vikombe, uandike idadi kwenye karatasi ukutani. Wiki ijayo pima vitunguu. Hesabu yako mwenyewe itakufaa kuliko hizi zangu, kwa kuwa ni ya kikombe chako na kisu chako. Kikombe hicho kikivunjika, toa tena pakiti ya maziwa.