Kosa ambalo wazee wa kanisa hawawezi kulimaliza

Sheria ya makosa na adhabu ya inchi yetu, ya tarehe 30 Januari 1940, imerekebishwa mara nyingi. Ina vitabu viwili. Cha kwanza kinaweka kanuni za jumla: hakuna adhabu bila sheria iliyotangulia kosa. Cha pili kinapanga makosa: juu ya watu, mali, jamaa, usalama wa Serikali.

Uzito hutofautiana. Wizi bila nguvu: kifungo kisichopita miaka 5. Wizi wa nguvu: miaka 5 hadi 20. Ubakaji vilevile, kwa sheria ya 20 Julai 2006. Na anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 anahesabiwa amebaka.

Sheria nyingine ya siku ile inakataza kesi ya namna hiyo kuzimwa kwa faini ya mapatano. Basi mbuzi, pesa au ndoa ya haraka mbele ya wazee haifungi kesi.

Deni na ugomvi wa jirani tupatanishe. Lakini aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72, kisha parke ijulishwe. Mkosaji akitubu, tumtembelee gerezani. Msamaha haufuti haki ya mtoto.