Springsteen Wembley: Zamu ya Usiku ya Mzee wa Miaka 74

Anayetaka kusimama karibu na jukwaa la mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen hamalizi kazi kwa kununua tiketi. Mashabiki wake wa kudumu wana utaratibu wao: wanafika uwanjani mapema mno, wanajiandikisha, kila mmoja anaandikwa namba mkononi kwa kalamu, kisha huitwa kwa zamu kuhakikisha bado yupo. Asiyeitika anafutwa. Hakuna mlinzi anayewalazimisha. Ni wao kwa wao, na wengi ni watu wazima wenye wajukuu.

Mimi sikuwa na ujasiri huo. Alhamisi ile ya Julai 2024 nilikaa juu kabisa, upande unaotazamana na jukwaa, katika uwanja wa Wembley jijini London unaochukua watu 90,000 siku ya mpira. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 2007 mahali ulipokuwa ule wa zamani, ambako mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliwapagawisha watu kwenye tamasha la hisani la Live Aid Julai 13, 1985. Springsteen naye alikuwa amepiga hapohapo siku chache kabla, mwezi uleule.

Ukikaa huko juu unafundishwa fizikia bila kuomba. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka jukwaani husikia pigo la ngoma za Max Weinberg, mpiga ngoma wa bendi yake, baada ya karibu theluthi ya sekunde. Mafundi husimamisha minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha makusudi, ili sauti yake ioane na ile inayotoka mbele. Makofi, hata hivyo, hayana fundi. Wa mbele wanaanza, wa nyuma wanafuata, na unayasikia yakikujia safu kwa safu.

Hakukuwa na bendi ya kutangulia. Jua lilikuwa bado linawaka, mzee akapanda na E Street Band yake, akahesabu hadi nne, wimbo ukaanza. Ulipoisha, kabla kelele hazijatulia, akahesabu tena. Ndivyo ilivyokwenda kwa takriban saa tatu. Mwaka 2012 mjini Helsinki aliwahi kupitisha saa nne, na mwaka huohuo kule Hyde Park, London, alipitiliza muda hadi vipaza sauti vikazimwa akiwa jukwaani na Paul McCartney. Siku hizi mwili unadai haki yake: Septemba 2023 alisimamisha ziara kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Alizaliwa New Jersey mwaka 1949, na baba yake alihangaika na kazi za kila aina, kiwandani, kuendesha basi, hata ulinzi wa gereza. Nikimtazama akitokwa jasho kwenye skrini niliona mtu aliyeingia zamu na hataki msimamizi amkute amekaa.

Mbele kule watu walikuwa wameinua mabango yenye majina ya nyimbo wanazozitaka. Kwetu shabiki wa taarabu huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Hawa noti zao zilikwishatoka zamani. Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2022, ziara hii ilipotangazwa Marekani, mfumo wa kupandisha bei kadiri wanunuzi wanavyoongezeka ulifikisha baadhi ya tiketi kwenye dola 5,000 hivi. Alijitetea kwamba safari hii aliamua kufanya kama wenzake wote. Jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililoanza mwaka 1980, lilitangaza kufungwa mwaka 2023 kwa uchungu wa jambo hilo. Ukiwa umeimba maisha yako yote juu ya viwanda vilivyofungwa na watu waliobaki bila kazi, utetezi wa "kama wenzangu" hautoshi.

Macho yangu yalikuwa zaidi kwa Steven Van Zandt, yule mpiga gita wa bendi mwenye kitambaa kichwani. Mwaka 1985 ndiye aliyewakusanya wanamuziki, Springsteen akiwamo, kurekodi wimbo wa kususia Sun City, ile hoteli ya anasa iliyokuwa ikipokea nyota wa dunia katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Oktoba 1988 Springsteen akafika Harare na msafara wa shirika la haki za binadamu la Amnesty International, pamoja na Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour, na vijana wengi, weusi kwa weupe, wakavuka mpaka kutoka Afrika Kusini kwenda kuwaona. Afrika Kusini kwenyewe alisubiri hadi Januari 2014 ndipo akapiga, mwezi mmoja baada ya Mandela kuzikwa.

Katikati ya onesho alisimama kusimulia. Akiwa kijana wa shule alijiunga na bendi iliyoitwa The Castiles. Mwenzake aliyemwingiza humo, George Theiss, alifariki mwaka 2018, na kati ya wote akabaki hai yeye peke yake. Kisa hiki, ambacho kilikuwa kimekwisha kuzaa wimbo, alikirudia mji hadi mji kwenye ziara ile. Baadaye kidogo skrini zikaonesha sura za Danny Federici wa kinanda, aliyefariki mwaka 2008, na Clarence Clemons wa saksafoni, aliyemfuata mwaka 2011. Saksafoni sasa iko mikononi mwa Jake Clemons, mtoto wa ndugu yake Clarence. Watu wakashangilia waliokufa kwa sauti kubwa kuliko walivyowashangilia wazima.

Mwisho bendi ikashuka, akabaki na gita moja. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa tayari anafunga koti, awahi treni ya Wembley Park kabla ya msongamano. Akaniambia ana tiketi ya Jumamosi pia. Nikamwuliza kama hazitakuwa nyimbo zilezile.

"Huwa anabadilisha," akasema, akapita mbele ya magoti yangu kuelekea ngazi.