Tarumbeta Jukwaani, Njama Nyuma ya Pazia

Jioni isiyo na mawingu, mtu asimamaye kwenye miinuko ya Gihosha, kaskazini-mashariki ya jiji la Bujumbura, huliona Ziwa Tanganyika limetandaa chini yake, na ng'ambo ya ziwa huiona milima ya Uvira, ambayo ni nchi ya Kongo. Umbali huo ni mdogo kwa macho. Kwa historia ni mdogo zaidi. Mambo yaliyotokea Kongo katika mwaka 1960 na 1961 hayakuishia mipakani mwa Kongo, na wazee wa pande zote mbili za ziwa wanayakumbuka. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, habari hizo zimerudi mbele ya watu kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia. Zimerudi kwa mlango wa muziki, ndani ya filamu.

Katika miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa wingi filamu za kumbukumbu zinazohusu muziki, starehe za vijana na historia. Filamu za aina hii hazina waigizaji. Mtengenezaji hukusanya picha za zamani, kanda za sauti, hotuba, barua, magazeti na maelezo ya watu walioshuhudia mambo kwa macho yao, kisha huvipanga vitu hivyo mpaka vitoe hadithi moja. Watu wengi huzitazama kama burudani tu. Lakini kwa askari wa jeshi na wa polisi, ambao kazi yao ni kulinda usalama, filamu ya namna hii inafaa itazamwe kama jalada la kesi. Ina mashahidi wake, ina vielelezo vyake, na ina mtu aliyeamua kielelezo kipi kitangulie na kipi kifuate. Kama jalada lingine lolote, hapana budi lipimwe.

Mfano mzuri ni filamu iitwayo Soundtrack to a Coup d'État, yaani muziki unaosindikiza mapinduzi. Ilitengenezwa na Mbelgiji Johan Grimonprez, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2024 katika tamasha la Sundance nchini Marekani, na mwaka 2025 ilikuwa miongoni mwa filamu 5 zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu. Ina urefu wa saa mbili na nusu hivi. Ndani yake husikika jazi ya Wamarekani weusi na rumba ya Wakongo, na katikati ya nyimbo hizo inasimuliwa habari ya kupinduliwa na kuuawa kwa Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo huru.

Je, muziki na mauaji hayo vina uhusiano gani? Hilo ndilo swali la filamu nzima, na ili kulielewa yafaa kurudi mwanzo.

Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokutana na wakoloni katika Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko huko Brussels. Humo ndimo ulimozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha, ambao uliwataja viongozi na vyama vyao, na ambao redio ziliueneza katika Afrika yote. Wakati huo muziki ulikuwa mjumbe wa uhuru. Watu ambao hawakuweza kusoma magazeti waliupata ujumbe kwa masikio.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Jeshi la nchi hiyo, Force Publique, lilikuwa na askari wapatao 25,000, na hakukuwa na ofisa hata mmoja aliyekuwa Mkongo. Tarehe 5 Julai, Mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Janssens, Mbelgiji, aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maana yake ilikuwa wazi: askari wasitazamie kupandishwa cheo wala kuheshimiwa. Siku hiyo hiyo maasi yakaanza, na kutoka kambi moja yakaenea kambi nyingine. Ubelgiji ikatuma askari wake wa miavuli, na tarehe 11 Julai jimbo la Katanga likajitangazia kujitenga. Katanga ndiko kwenye shaba, na ndiko kwenye mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitumika kutengenezea bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Ni dhahiri kwamba mataifa makubwa hayakuwa tayari kuuacha utajiri huo uende wanakotaka wenyewe wenye nchi.

Tarehe 5 Septemba, Rais Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba katika uongozi. Mara baada ya hapo, maofisa wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio. Lumumba, ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa sauti yake, akanyimwa njia ya kusema na wananchi. Lakini wapinzani wake waliweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akatwaa madaraka kwa nguvu za jeshi.

Hapo ndipo tarumbeta inapoingia. Mwishoni mwa Oktoba 1960, mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, Louis Armstrong, aliwasili Léopoldville akiwa katika safari ya kuzuru nchi za Afrika. Safari hiyo ilidhaminiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani pamoja na kampuni ya Pepsi-Cola. Alipokelewa kwa shangwe kubwa na kubebwa kitini kama mfalme. Wakati watu wakimshangilia, Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji huo huo, akizungukwa na askari. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga muziki Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, makao makuu ya Katanga iliyojitenga.

Safari za namna hiyo zilikuwa na mpango. Tangu mwaka 1956, alipotumwa Dizzy Gillespie, serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapeleka wanamuziki wa jazi nchi za nje kama mabalozi wa urafiki, na redio yake ya Sauti ya Amerika ilikuwa na kipindi cha jazi kilichosikilizwa dunia nzima. Wakati ule ule, watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakinyimwa haki ya kupiga kura na kukatazwa kukaa meza moja na wazungu. Wanamuziki wenyewe walilijua jambo hilo. Mwaka 1957 Armstrong alikataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali yake, kwa sababu ya watoto weusi waliozuiwa kuingia shuleni katika mji wa Little Rock.

Mwisho wa Lumumba unajulikana. Alitoroka mwishoni mwa Novemba 1960, akakamatwa mwanzoni mwa Desemba, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 akapelekwa Katanga kwa ndege. Usiku huo alipigwa risasi pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliofyatua risasi walikuwa askari wa Katanga, na aliyewaongoza alikuwa ofisa wa Kibelgiji. Baadaye ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliuteketeza mwili wa Lumumba kwa tindikali, akabaki na jino, ambalo serikali ya Ubelgiji iliwarudishia watoto wa marehemu mwezi wa Juni 2022. Tarehe 15 Februari 1961, habari za kifo hicho zilipoenea, mwimbaji Abbey Lincoln, mpiga ngoma Max Roach na mwandishi Maya Angelou walikuwa miongoni mwa waandamanaji walioingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama mjini New York na kupaza sauti. Hivyo jazi iliyotumika kama pazia ndiyo hiyo hiyo iliyojaribu kulichana.

Sasa linakuja swali la upelelezi. Je, filamu hiyo imethibitisha shtaka lake? Grimonprez hakutumia msimulizi. Ameweka maandishi kwenye picha, na mara kwa mara huandika jina la kitabu na ukurasa ambamo neno limetoka. Ametumia kumbukumbu za Andrée Blouin, mwanamke aliyefanya kazi karibu na Lumumba, na maneno ya watu waliokuwa ndani ya mambo hayo. Hiyo ni kazi nzuri, kwa kuwa anayetazama anaweza kurudi kwenye chanzo na kuhakikisha. Tena vipo vielelezo nje ya filamu: mwaka 1975 kamati ya Baraza la Senate la Marekani ilieleza jinsi shirika la CIA lilivyopanga kumwua Lumumba kwa sumu, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji ilikiri kuwa na dhamana ya kimaadili katika kifo chake, ikaomba radhi.

Hata hivyo, mtazamaji mwangalifu atatambua jambo moja. Filamu inapoiweka tarumbeta ya Armstrong kando ya picha ya Lumumba aliyefungwa kamba, moyo huamini mara moja kwamba yule wa kwanza alihusika na mateso ya yule wa pili. Lakini mambo mawili kutokea wakati mmoja hakuthibitishi kwamba moja lilileta jingine. Polisi yeyote anajua kwamba mtu kuonekana karibu na mahali pa uhalifu hakumfanyi kuwa mhalifu. Armstrong alikwenda kupiga muziki, na hakuna ushahidi kwamba alijua njama iliyokuwapo. Waliopanga safari na waliopanga mauaji ndio wanaostahili kuulizwa.

Burundi nayo ina kisa chake, ingawa hakina damu. Katika lugha ya Kirundi, neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya mamlaka ya Mwami, na ngoma hazikupigwa ovyo. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Mwaka uliofuata Wafaransa waliirekodi midundo ya wapiga ngoma wa Burundi na kuitoa katika santuri. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Kifaransa aliongeza piano na gita juu ya midundo hiyo na kuiuza kama muziki wa dansi. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitumia katika wimbo wake. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Uingereza, kama kundi la Adam and the Ants, walijijengea jina kwa mdundo huo. Maelfu kwa maelfu ya vijana wa Ulaya walicheza, na wengi wao hawakujua kwamba walichokuwa wakichezea ni sauti ya dola ya watu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Filamu ya kumbukumbu iliyotengenezwa vizuri huurudisha mdundo kwa wenyewe, kwa kueleza ulitoka wapi, ulikuwa na maana gani na ulichukuliwa vipi.

Kazi hiyo haifai iachiwe wageni peke yao. Bujumbura ni mji wa Léonce Ngabo, mwimbaji aliyegeuka mtengenezaji wa filamu, ambaye alitoa Gito l'ingrat mwaka 1992. Majeshi ya Afrika Mashariki nayo yana hazina yao. Nchini Tanzania, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilikuwa bendi za watu waliovaa sare asubuhi na kushika magita jioni. Nyimbo za bendi kama hizo zilihifadhiwa kwenye kanda za sumaku, na kanda za sumaku huharibiwa na joto, unyevu na ukungu. Kanda ikiharibika, shahidi amekufa kabla ya kuandikwa maelezo yake.

Kwa askari wa leo, funzo la mwaka 1960 ni zito. Waliomzingira Lumumba, waliomkamata na waliomlinda garini walikuwa askari Waafrika waliokuwa wakitii amri, na wengi wao hawakuambiwa amri hiyo ilianzia wapi. Huko mjini muziki ulikuwa ukipigwa. Askari anayeijua historia hiyo haachi kupenda muziki, wala haachi utii halali. Lakini shangwe inapokuwa kubwa kupita kawaida, naye hujiuliza ni jambo gani linalofanyika mahali ambapo hakuna anayetazama, na ni nani atakayeambiwa kesho kwamba alilifanya yeye.