Ukistaafu California, nani atalipia bima yako ya afya?

Mtumishi wa California akisema ameitumikia serikali miaka 20, mhasibu atataka kujua: serikali ipi? Jibu ndilo huamua nani atamlipia bima. Medicare, bima ya taifa ya wazee, huanza mtu akifikisha miaka 65. Anayestaafu akiwa na 55 ana miaka kumi ya kulipiwa na mwajiri au kujilipia mwenyewe, na bima ya Marekani si ya kuchezea.

CalPERS, mfuko mkubwa kuliko yote ya pensheni za umma nchini humo, kwa upande wa bima ya afya husimamia mipango tu. Mchango wa kulipia bima hutoka kwa mwajiri uliyestaafu ukiwa kwake, na sharti pensheni ianze ndani ya siku 120 tangu uache kazi. Aliyeondoka akiwa na miaka 45, akaingoja pensheni nyumbani, kwa kawaida haki hiyo imempita.

Viwango navyo hutofautiana. Katika idara za jimbo, walioajiriwa tangu 1989 hupata nusu ya mchango wakitimiza miaka 10, na wote wakitimiza 20; kwa wengi walioajiriwa tangu 2017 ni miaka 15 na 25. Chuo Kikuu cha Jimbo la California kiko CalPERS pia, lakini wafanyakazi wake wa zamani walihitaji miaka 5 tu, na wapya 10. Chuo Kikuu cha California, ambacho wengi hukichanganya na hicho, kina mfuko wake kabisa. Miji na kaunti zilizojiunga kila moja ina masharti yake.

Kanuni namba 75 ya bodi ya viwango vya uhasibu wa serikali, iliyotolewa 2015, ilizidisha uzito wa swali hili: mwajiri sasa lazima aandike katika mizania deni lote la matibabu ya wastaafu lisilofidiwa na akiba. Deni linataka mwenyewe.

Swali la mwajiri lipo hata nje ya California. Jimbo la Illinois lilijaribu kupunguza ruzuku yake ya bima ya wastaafu kwa sheria ya 2012. Mwaka 2014, katika kesi ya Kanerva dhidi ya Weems, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kuwa ruzuku hiyo inalindwa na kifungu cha pensheni cha katiba. Hata hivyo walimu wa shule za wilaya wana mpango wao wa bima, nje ya ule wa watumishi wa jimbo.

Msomaji uliyeko California, ukiitwa kazi mpya ya umma, usiulize mshahara peke yake. Uliza mwajiri ni nani kisheria, na miaka yako ya nyuma atahesabu mingapi.